Kitambaa cha Mzee Mbwana na Moyo wa Mbuzi

Siku ya kuniaga chuoni nilipewa saa ya ukutani. Sijui nani alianzisha desturi hii ya kumpa saa mtu ambaye kuanzia kesho yake hana pa kuwahi. Nilishukuru, nikaitundika sebuleni, na inakwenda mbele dakika saba, jambo ambalo halimsumbui mtu yeyote nyumbani kwangu. Mkuu wa idara akanikabidhi na karatasi moja tupu, akaniomba niwaandikie nyinyi wawili mlioachiwa funguo za maabara namna mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anavyopaswa kusoma Biolojia. Karatasi moja. Mimi nimewahi kuandika barua ya kuomba balbu ya hadubini iliyokuwa ndefu kuliko hiyo. Nimenunua daftari, mtanivumilia.

Vyeo na mishahara navipita. Havikuwa vingi hata vikajaza ukurasa, na vilivyokuwepo vilichelewa. Cheo changu kwenye barua kilikuwa kirefu, lakini wanafunzi waliniita Mama Chura, na hilo ndilo jina nililostaafu nalo. Nililipata siku yangu ya kwanza kazini.

Siku hiyo nilifika nimevaa viatu vya kisigino, maana nilitoka Masasi nikiamini kwamba maabara ya Dar es Salaam ni mahali pa kukaa kwenye kiti kirefu na kuandika namba. Chuo mnakijua: ghorofa ya pili na ya tatu, na chini ni duka la ndoo na mabeseni ya plastiki, ambalo tangu enzi hizo limepanga bidhaa zake mpaka kwenye ngazi zetu. Maabara nilimkuta fundi mkuu, Mzee Mbwana, mtu wa Ilala, mfupi, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akivitazama viatu. Kisha akanipa ndoo yenye mfuniko na kunielekeza kwa mama mmoja anayelima mchicha bondeni Jangwani, ambaye ndiye aliyekuwa akitukamatia vyura. Nikawachukue kumi na wawili.

Kwenda kulikuwa rahisi. Kurudi nilipita katikati ya Kariakoo saa ya mikokoteni, ndoo inatikisika yenyewe, na kila niliyemgusa nayo aligeuka kunitukana kisha akasita aliposikia sauti iliyomo ndani. Nilifika salama mpaka ngazi ya tatu kutoka chini. Hapo kisigino kikakatika.

Vyura waliingia dukani. Mwenye duka, mtu mzima mwenye heshima zake, alipanda juu ya rundo la mabeseni na kukataa kushuka mpaka aambiwe wamebaki wangapi. Tulikamata kumi na mmoja. Wa kumi na mbili alipatikana siku tatu baadaye, mteja alipolirudisha beseni lake akidai ameuziwa likiwa na mpangaji.

Muda wote huo Mzee Mbwana alikuwa amesimama juu ya ngazi, ananitazama, hasaidii. Nilipofika juu, ndoo mkono mmoja na kiatu mkono wa pili, nilijua nafukuzwa. Alichukua kipande cha pazia la kijani kilichokuwa begani mwake, akaifunika ndoo.

"Umewashika wote kwa mikono yako," akasema. "Mguu wa mbele wa chura una vidole vingapi?"

Nikasema vitano, kwa uhakika wa mtu aliyetoka kuwakimbiza. Akafunua. Vilikuwa vinne.

"Umewaona sana," akasema. "Ila ulikuwa hujaulizwa."

Hiyo ndiyo ilikuwa shule yake nzima: funika, sema, funua. Unafunika kitu, kiwe mfupa, mchoro au ukurasa. Unasema kwa mdomo, au unachora kwa chaki juu ya meza, yote unayoyajua bila kuchungulia. Ndipo unafunua na kutafuta ulichokosa, na hicho unakiandika pembeni kwa sababu kesho utaulizwa hichohicho. Tena Mzee alikuwa na tabia mbaya ya kuuliza mambo ya wiki tatu zilizopita. Nipo nasafisha lenzi, akili yangu yote iko kwenye lenzi, ananiuliza damu inaingia kwenye figo kupitia wapi. Nilidhani ananichukia. Ilinichukua mwaka mzima kugundua kwamba vitu havinitoki tena kichwani, na kwamba yeye hakuwa na muda wa kumchukia mtu. Alipostaafu aliniachia kitambaa kile, koleo dogo la chuma cha pua, na onyo kwamba nisimwazime mhadhiri yeyote lile koleo. Kitambaa mtakikuta droo ya tatu. Koleo niliazimisha.

Sasa nije kwa wanafunzi, ambao miaka yote hiyo wamesoma kwa bidii sana na kwa njia zisizofaa. Yupo anayepaka kalamu ya njano kila mstari, mpaka mstari aliousahau ndio unaovutia macho. Yupo anayepiga picha kila ubao kwa simu, na picha hizo hukaa humo kwa amani pamoja na za harusi ya binamu yake. Kuna diskasheni, ambapo watu wanane hukaa duara chini ya feni, mmoja anasoma kwa sauti, saba wanaitikia "ehee," na wote wanaondoka wameridhika. Wiki ya mwisho kabla ya mtihani wote hujaribu kuumeza muhula mzima kwa mkupuo, kama dawa ya minyoo.

Lakini kubwa lao ni desa. Nyinyi mmemaliza shule juzi, mnalijua: noti za mtu aliyetangulia, zikatolewa kopi, kisha kopi ya kopi, mpaka zinaaminika kuliko kitabu. Chuoni kwetu lilitawala desa la Tino. Kila darasa lililikuta na kulirithisha kwa darasa linalofuata, na ilisemekana huyo Tino alipata A ya Biolojia kwa desa hilohilo. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwona. Mimi nilimwona. Alifanya sapu ya Biolojia, yaani mtihani wa marudio, kisha akahamia Uhasibu, ambako nasikia yuko vizuri.

Ndani ya desa kulikuwa na mchoro wa moyo. Tino aliunakili kwenye karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, na kwenye duka la kopi karatasi ikawekwa upande wa nyuma. Moyo ukatoka umegeuzwa, maandishi nayo kinyume. Basi mtu mwenye roho nzuri akayafuta maandishi na kuyaandika upya palepale yalipokuwa, yakasomeka vizuri. Moyo wenyewe hakuna aliyekumbuka kuugeuza. Mnajua ubaya wake: moyo ukilazwa chali mezani ni sawa na mtu mliyekaa naye uso kwa uso, kushoto kwake ni kulia kwako. Katika desa la Tino, kushoto kwake kulikuwa kushoto kwako. Madarasa kadhaa yalikariri hivyo, na kwa kuwa mtihani wa maandishi uliuliza maneno matupu, walifaulu.

Mwaka mmoja, si wa mbali, kwenye praktiko ya kufunga mwaka, yaani mtihani wa vitendo, niliweka mezani moyo wa mbuzi. Niliununua kwa Shomari, muuza nyama wangu wa Kariakoo, ambaye ilinichukua miaka kumzoeza asiikate ile mishipa mikubwa ya juu. Nikachomeka pini yenye kibendera kwenye chemba ya chini ya kushoto, watu waandike jina lake. Karibu darasa zima likaandika kulia.

Matokeo yalipotoka ulinijia ujumbe wa wanafunzi. Nilidhani wamekuja kuomba radhi, kumbe wamekuja kumshitaki mbuzi. Kiongozi wa darasa, kijana mwenye tai, aliniamkia vizuri, kisha akasema kwamba wao, kwa heshima zote, wanaona yule mnyama alikuwa na tatizo. Alikuwa na ushahidi. Alilifungua desa juu ya meza yangu kwa mikono miwili, taratibu, kama hati ya nyumba. Akaeleza kwamba mbuzi wa Kariakoo wanaletwa na malori kutoka mikoani, barabara ni mbovu, na inawezekana moyo uligeuka njiani. Nikamtazama mkuu wa idara, aliyekuja nao. Yeye ni mtu wa mimea. Akashusha sauti akaniuliza kama kitu kama hicho kinaweza kutokea.

Nilitoa ule moyo kwenye friji nikawaambia waubane kwa vidole, mmoja mmoja, upande huu na upande ule. Ukuta wa chemba ya kushoto ni mnene na mgumu, kwa sababu inasukuma damu mwili mzima. Ya kulia inasukuma mpaka kwenye mapafu tu, hapo jirani, kwa hiyo ukuta wake ni laini. Ukishabana huhitaji mchoro wa mtu. Kiongozi wa darasa akabana, akabana tena, akalikunja desa akaliweka mfukoni.

Nyuma ya ujumbe ule alisimama binti mmoja, Mwanahamisi, analia bila sauti. Lake halikuwa la mbuzi tu. Alikuwa anarudia mwaka kwa ajili ya Biolojia hiyohiyo, na sasa ameikosa tena. Iliyobaki ni sapu, wiki sita mbele. Akiikosa na hiyo ni disko, anaondolewa chuoni, na uuguzi alioutaka tangu utotoni unaishia hapo. Nililiona desa lake. Alikuwa amelinakili lote kwa mkono, mara tatu, kwa kalamu za rangi nne. Sijapata kuona makosa yaliyoandikwa kwa mwandiko mzuri vile. Nisingeweza kumwambia hakusoma. Alikuwa amesoma kuliko wote, na hilo ndilo lililoniuma.

Jumamosi iliyofuata nilienda mtaa wa pili kutafuta lastiki ya sketi. Niliingia duka moja la vifaa vya ushonaji, na nyuma ya meza nikamkuta Mwanahamisi na mama yake, Bi. Salma, watu wa Pwani, wenyeji wa mtaa huo tangu bibi yao. Duka lile lina maboksi ya vifungo kuanzia sakafuni mpaka darini, na hakuna hata moja lililoandikwa kitu. Fundi mmoja alitoa nusu ya kifungo kilichovunjika. Mwanahamisi akakitupia jicho, akapanda kiti, akashusha boksi. Mwingine alitaka zipu ya kijivu, siyo kijivu hiyo, ile nyingine. Akampa ile nyingine. Nilisimama pale nikasahau lastiki, nikamuuliza ameyasomea wapi maboksi yote yale.

"Sijayasoma, Madam," akasema. "Watu wananiuliza tu. Nikikosea, mama ananirudisha."

Nikamwambia aseme tena. Akasema tena kwa woga, akidhani nimekasirika. Mimi nilikuwa namwona Mzee Mbwana na kitambaa chake. Msichana huyu alikuwa na kichwa cha kubeba duka zima, lakini tangu aanze chuo hakuna aliyemuuliza kitu mpaka siku ya mtihani. Wote tulikuwa tunamsomesha, na mimi nikiwemo.

Tukakubaliana palepale, lastiki ikipimwa. Desa analiacha kwangu. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka anakuja maabara nusu saa, siyo zaidi, kwa ajili ya kitambaa. Jioni dukani mama yake anamuuliza. Bi. Salma alikataa, akasema yeye Kizungu hajui na hiyo Biolojia ndiyo kabisa. Nikamwambia ndiyo maana namtaka. Kazi ya Mwanahamisi ni kueleza kwa Kiswahili cha dukani mpaka mama aelewe, na mama asipoelewa basi binti naye bado hajajua. Bi. Salma akasema kama kazi ni kutoelewa ataiweza.

Wiki ya kwanza ilikuwa aibu. Mwanahamisi alitazama trei yenye viungo kumi, nikafunika, akataja viwili na kuomba maji. Wiki ya pili akataja sita. Makosa aliyaandika kwenye kipande cha boksi la vifungo, na siku tatu baadaye nilimrushia hayohayo tukiwa kwenye mada nyingine kabisa, kwa ile tabia mbaya niliyorithi. Mgawanyiko wa seli walifanyia dukani, kromosomu zikiwa vifungo vilivyopangwa jozi jozi juu ya meza. Siku moja fundi akaja, akachagua viwili vyeusi kutoka katikati ya seli, akalipa, akaondoka. Bi. Salma alimkimbilia mpaka njia panda kumweleza kwamba ameondoka na kromosomu. Shomari naye akaniuliza kama namfahamu mama mmoja ambaye siku hizi hanunui figo mpaka muuzaji aonyeshe mkojo unatokea wapi.

Wiki ya nne nilimkuta Mwanahamisi kwenye ngazi, amejibanza kati ya ndoo, ana desa jipya, kopi ya siku hiyohiyo. Nilimsema vibaya. Nilimwambia arudi kwenye vifungo vyake aache kunipotezea asubuhi zangu.

"Nikifunika najiona sijui kitu, Madam," akasema. "Nikisoma desa najiona najua yote. Nimebakiza wiki mbili. Naogopa."

Niligeuza ndoo moja nikaikalia. Nilijisikia vibaya sana. Miaka yote hiyo nimewaona wanafunzi wakilikumbatia desa, na sikuwahi kujiuliza wanatafuta nini ndani yake. Walikuwa wanatafuta kutulia. Nikamwambia ukweli, kwamba na mimi kitambaa kilinitisha, na kwamba kule kujiona hujui, ukajikamua, ukakosa, ukarudi, ndiko kusoma kwenyewe. Desa linampa mtu raha ya kujua mambo yakiwa mbele ya macho yake, na mtihani hauyaweki mbele ya macho. Nikamwomba radhi kwa maneno yangu. Desa tulimpa mwenye duka la ndoo, akafungia vikombe.

Siku ya sapu alikuja msimamizi kutoka nje, mama mpole mwenye glavu zake mwenyewe. Niliupanga moyo wa mbuzi chali kama kawaida. Kabla wanafunzi hawajaingia, yeye akaugeuza kifudifudi, akachomeka pini. Moyo ukilala kifudifudi, kushoto kwake kunakuja kushoto kwako. Maana yake ni kwamba siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu lizaliwe, desa la Tino lilikuwa sahihi. Waliokuwa wamelisahihisha kwa kukariri kinyume chake ndio waliokuwa wanakwenda kukosa. Na mimi kwa kanuni siruhusiwi hata kukohoa.

Mwanahamisi alifika kwenye trei, akautazama moyo, akainua kalamu. Nikashika ukingo wa meza. Kisha akaishusha kalamu, akatoa leso mfukoni, akaufunika moyo. Msimamizi akamsogelea kumuuliza anafanya nini.

"Najiuliza kwanza," akasema.

Midomo yake ikacheza kidogo. Akafunua, akaomba ruhusa ya kuushika, akabana upande huu, akabana upande ule. Akaandika. Kutoka nilipokuwa sikuweza kuona neno, na nawaambieni, sijawahi kutamani kuwa mrefu kama siku ile.

Matokeo yalibandikwa baada ya majuma mawili, mchana. Mwanahamisi alikuja na kuishia kwenye ngazi za chini kati ya ndoo, anaogopa kupanda. Bi. Salma alifunga duka, jambo ambalo halikuwahi kutokea siku ya kazi, hata majirani wakaanza kuulizana nani amefariki. Akampita binti yake, akapanda ghorofa mbili bila kupumzika, akaukuta ubao umeandikwa Kizungu, akanivuta mkono nimsomee. Sikuhitaji kusoma. Nilikuwa nimeshasoma mara tatu. Nikamwambia amefaulu.

Alilia waziwazi, na mimi nikalia, wala siyo kidogo. Kisha akajifuta kwa upande wa khanga akaniuliza amekosa lipi. Msimamizi alikuwa amenidokeza: moyo alipata, ila kwenye figo alichanganya mshipa unaoingiza damu na ule unaoitoa. Bi. Salma akatikisa kichwa.

"Figo nilimuuliza mara mbili tu," akasema. "Hilo kosa langu."

Akashuka. Nilisimama juu ya ngazi, palepale aliposimama Mzee Mbwana siku ya vyura, nikasubiri kusikia vigelegele. Nilichosikia ni sauti yake ikiuliza damu inaingia kwenye figo kupitia wapi. Hata mwenye duka la ndoo akaacha kupanga mabeseni. Kisha Mwanahamisi akajibu, na jibu lilikuwa sahihi.

"Haya," mama yake akasema. "Umefaulu."